Hewa ya Elfu Nane

Ilipiga mara ya kwanza pale Mnara wa Saa.
Paa!
Mlinzi wa benki akalala chini na bunduki yake,
mpiga kiwi akarusha brashi,
na Mwalimu Apaikunda, ndani ya Pijo yake ya mwaka sabini na nane,
akabaki ameshika usukani, wima,
kama anasubiri darasa linyamaze.

Akairudisha kwangu Njoro
ikipiga chafya za moto kwenye kabureta.
"Eliamini," akasema, "nilikuletea gari lenye kifua,
umenirudishia lenye bunduki."

Sikucheka.
Kabureta ile mpya, ya midomo miwili,
ilikuwa imemeza kahawa yake ya msimu mzima.
Manifodi mpya nayo, inang'aa kama sufuria ya bibi harusi.
Nilizifunga mimi, kwa mikono hii.

Basi nikaanza kutafuta mchawi.

Nikashuku petroli. Nikaiweka kwenye chupa, ikatulia: haina maji.
Nikashuku plagi. Nikazichomoa zote nne,
nyeupe, kama meno ya maziwa,
na plagi nyeupe ina lake la kusema,
husema njaa, husema hewa imezidi mafuta,
lakini siku hiyo sikutaka kusikia.
Nikazikwangua, nikazirudisha.

Nikashuku nyaya. Moja, tatu, nne, mbili,
nahesabu kwa kidole kama mtoto wa chekechea.
Moja, tatu, nne, mbili. Ziko sawa.
Nikazungusha distributa unywele mmoja kushoto:
paa!
Unywele mmoja kulia:
paa! Kuku wa jirani wakaruka ukuta.

Ndipo nikaushuku mlima.
Ndiyo, mlima wenyewe!
"Mwalimu, huku kwetu juu hewa ni nyepesi,
jeti hizi zilitobolewa kwa ajili ya watu wa pwani."
Akanitazama juu ya miwani.
"Hewa ikiwa nyepesi, mafuta ndiyo yanazidi.
Plagi zingekuwa nyeusi, Eliamini."
Alinifundisha sayansi darasa la sita.
Alikuwa amesahau kuchoka.

Akaondoka kwa bodaboda. Giza likaingia.
Nikazima taa nione kama cheche zinavuja kwenye nyaya;
hakuna cheche, ila nyota, na Pijo inatetemeka.
Nikaweka kiganja juu ya kabureta, nikaziba nusu.
Ikatulia.
Nikaondoa: chafya.
Nikaziba: sailensa safi, kama mtoto aliyepewa ziwa.

Ombeni, kijana wangu wa spana,
akaweka gunia bichi kando, akavuta petroli kwa bomba la sindano,
akadondosha tone, tone, kwenye maungio ya manifodi.
Silinda ya kwanza, hakuna kitu.
Ya pili, ya tatu, hakuna.
Ya nne, injini ikapandisha sauti
kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

"Gasketi, fundi," akasema.
Kisha, bila ubaya wowote:
"Si ulinunua mpya?"

Noti nne za elfu mbili.
Mwalimu alinihesabia mkononi, za gasketi.
Nikaikwangua ya zamani, nikaipaka gundi,
tundu zake hata hazikulingana na manifodi ile,
na nilijua.
Elfu nane ikalala Jumamosi ileile
kwenye nusu kilo ya kitimoto na mbege.

Kesho yake nilifika dukani kabla ya mwenye duka.

Mwalimu alipokuja aliwasha mara moja tu.
Ungeweza kusimamisha shilingi juu ya injini isianguke.
"Ilikuwa nini?"
"Hewa," nikasema. "Ilikuwa inaingia pasipo mlango."
Akaitazama mikono yangu.
"Hewa," akarudia taratibu,
kwa sauti ile ya kalamu nyekundu.

Akapandisha kuelekea Kibosho.
Nikasimama barabarani na tambara langu,
nikaisikiliza kona ya kwanza, ya pili,
hadi ikabaki sauti ya migomba tu.
Haikupiga.
Nilitamani ipige, hata mara moja,
nipate sababu ya kumkimbilia.